Damu ya Ziwani: Historia ya Selimundu na Mishipa ya Ubongo huko Homa Bay na Migori

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliingia Kenya kwa safari ya utafiti ya Mlima Kenya. Wengi wa msafara huo walikuja kwa ajili ya mimea na wadudu. Mmoja wao, Anthony Allison, alikuja kwa ajili ya damu. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari ambaye hajatimiza miaka 25, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Gilgil katika shamba la wazazi wake. Nchi aliijua. Alichotaka kukijua ni jinsi damu za watu zinavyotofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine, kuanzia pwani, kupitia nyanda za juu, mpaka ziwani.

Miongoni mwa vipimo alivyobeba kilikuwamo kimoja rahisi. Tone la damu huchanganywa na kemikali iitwayo sodiamu metabisulfiti, ambayo huiondolea damu oksijeni, kisha hutazamwa kwa hadubini. Chembe nyekundu za watu wengi hubaki za mviringo. Za wengine hujikunja na kuchongoka ncha mbili, zikawa na umbo la mundu. Allison alipojumlisha matokeo yake, tofauti iliyojitokeza ilikuwa kubwa mno kuwa ya bahati nasibu. Katika jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na damu ya namna hiyo. Katika jamii kadhaa za nyanda za juu hakupatikana hata mtu 1 katika 100.

Watu wa ziwani ni pamoja na wale wa iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Historia ninayoisimulia ni yao. Ni historia ya jeni moja, ile inayozipinda chembe hizo, iliyowakinga watoto wengi na malaria, ikawaua wengine, na kwa waliobahatika kukua ikaacha hatari iliyofichika ndani ya fuvu: mishipa ya ubongo inayoziba utotoni na inayoweza kuvimba na kupasuka ukubwani. Ni historia ya deni pia. Elimu iliyochotwa katika damu ya watu hawa ilienda duniani kote kabla ya kurudi kwao, na hadi leo haijarudi yote.

Kabla ya hadubini

Ardhi ya kusini mwa Ghuba ya Winam ni ya joto na ya chini. Mto Kuja huteremka kutoka milima ya Gusii, ukapita Migori na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Kuna madimbwi, kuna vinamasi, na mbu hawakosekani mwaka mzima. Waluo walioingia huku kwa mawimbi kutoka kaskazini kupitia Uganda walikutana na Wasuba visiwani na ufuoni, na wote wakaishi na malaria kizazi baada ya kizazi. Vifo vya watoto vilikuwa vingi kiasi cha kuwa na mila zake. Mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa aliweza kufanyiwa tambiko la kutupwa njiani, akaokotwa na mtu mwingine, kisha akarudishwa kwa mamaye akiitwa Owiti au Awiti. Majina hayo yangali yamejaa katika madaftari ya shule za Ndhiwa, Uriri na Karachuonyo.

Vifo hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini zipo familia zilizoona jambo likijirudia. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, ananenepa. Kabla hajatimiza mwaka, vidole vyake vya mikono na miguu vinavimba na analia akiguswa. Baadaye macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa upande wa kushoto, mifupa inamuuma hasa msimu wa baridi au baada ya kuogelea. Kisha inakuja homa moja na kumchukua. Wako pia waliolala wazima wakaamka upande mmoja wa mwili umelegea na maneno hayatoki. Jamii ililitafutia jambo hili maana katika chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, katika jicho la husuda, au katika uhasama wa jirani. Mara nyingi mama ndiye aliyebeba lawama, akaambiwa kizazi chake kibaya, ilhali kwa ugonjwa huu baba na mama huchangia sawasawa.

Kutoka Chicago hadi ziwani

Maelezo ya kwanza ya kitaalamu yaliyojulikana kote yaliandikwa mbali sana na Nyanza. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. Damu ya Noel ilikuwa na chembe zilizopinda ambazo Herrick hakuwahi kuziona. Noel alihitimu, akarudi kwao, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Mababu zake walikuwa Waafrika, na jeni iliyokuwa mwilini mwake ilivuka Atlantiki kwa meli za watumwa.

Mwaka 1923 daktari V. P. Sydenstricker wa mji wa Augusta, jimbo la Georgia, aliandika juu ya mtoto mwenye ugonjwa huo aliyepooza upande mmoja. Ndipo ilipoanza kuonekana katika maandishi kwamba ugonjwa huu, ambao Waswahili wengi sasa huuita selimundu, hauishii kwenye mifupa na wengu. Unapanda hadi ubongoni.

Mwaka uleule wa 1949 ambapo Allison alikuwa akichukua damu Kenya, mambo mawili yalitokea Marekani. James Neel alionyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa: mtu mwenye nakala moja ya jeni hii ni mbebaji tu na kwa kawaida ni mzima, na mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye mgonjwa. Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu, yenyewe ni tofauti na ya mtu mwenye afya. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuelezwa kuwa kosa la molekuli. Miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram huko Cambridge alilipata kosa lenyewe: katika mnyororo mrefu wa protini, asidi ya amino moja imechukua nafasi ya nyingine. Badiliko hilo dogo linatosha kuzipinda chembe nyekundu za damu oksijeni inapopungua.

Allison alibaki na swali lililomkaa moyoni. Ikiwa watoto wenye nakala mbili hufa kabla ya kuzaa, jeni hii ilipaswa kupungua kila kizazi hadi iishe. Mbona ziwani na pwani imejaa? Jibu alilolifikiria lilitokana na ramani. Pwani na ziwani ndiko kwenye malaria nyingi, na nyanda za juu ni haba. Huenda mbebaji, mwenye nakala moja tu, anapata kinga dhidi ya malaria, na faida yake ndiyo inayoilipia hasara ya ndugu yake.

Alirudi Uingereza kumaliza masomo ya udaktari, na mwaka 1953 akarejea Afrika Mashariki kulipima wazo lake. Karibu na Kampala alichunguza watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, 113 walikuwa navyo. Tofauti ilikuwa dhahiri, lakini alitaka ushahidi mzito zaidi. Ndipo walipoingia Waluo.

Wanaume 30 Waluo, watu wazima waliokuwa wameishi mbali na maeneo ya malaria kwa muda, walijitolea kuambukizwa vimelea kwa makusudi. Nusu yao, 15, walikuwa wabebaji, na 15 wengine hawakuwa. Kati ya wasiobeba jeni, malaria iliwashika 14. Kati ya wabebaji iliwashika 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, na tangu hapo vitabu vingi vya jenetiki hulitaja jambo hili. Ukawa mfano bora kabisa wa uteuzi wa asili ukifanya kazi ndani ya mwili wa binadamu. Mwanafunzi wa Tokyo, wa London au wa Nairobi anayejifunza mageuzi hujifunza kwa damu ya watu wa ziwani.

Jaribio kama lile leo lingepitia kamati za maadili zenye masharti mengi. Allison alipofariki mwaka 2014, magazeti ya sayansi yaliandika sifa zake, na alistahili. Wale 30 historia inawajua kwa idadi. Walitoa miili yao, na mchango wao ni mkubwa vilevile. Yeyote anayefundisha somo hili Nyanza anapaswa kuwataja kwa heshima, kwa sababu ni babu za watu.

Ukimya wa miaka mingi

Baada ya 1954 mtu angetazamia kliniki zifunguliwe Homa Bay, Kendu Bay na Migori, watoto wapimwe, wazazi waelezwe. Haikuwa hivyo. Uhuru ulikuja, hospitali za serikali na za misheni zikaongezeka, wilaya zikagawanywa, lakini selimundu ilibaki somo la vitabuni. Hospitalini mtoto aliingia na upungufu wa damu, akaandikwa malaria, akaongezewa damu, akarudi nyumbani. Wengi walikufa bila ugonjwa wao kutajwa hata mara moja. Makadirio ya wataalamu ni kwamba, katika sehemu nyingi za Afrika zisizo na huduma ya mapema, zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu hufariki kabla ya kutimiza miaka 5.

Utafiti uliendelea, lakini kwa sehemu kubwa ulihusu malaria. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, waliwafuatilia watoto huko Asembo, Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam ukitazama kutoka upande wa Homa Bay. Mwaka 2002 Michael Aidoo na wenzake walitangaza kwamba watoto wabebaji walikuwa na nafuu kubwa ya kutokufa, hasa kati ya miezi 2 na 16, umri ambao kinga ya mama imeisha na ya mtoto mwenyewe haijakomaa. Wazo la Allison lilithibitika tena, safari hii kwa maisha ya watoto kijijini. Uchunguzi mwingine wa watoto wadogo 858 magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wabebaji ni 17.1 katika kila 100 na wagonjwa wenyewe ni 1.6 katika kila 100.

Tafakari maana ya hesabu hiyo. Katika kila watoto 1,000 waliochunguzwa, 16 wana ugonjwa wenyewe. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kuzaa mtoto mgonjwa, nusu kuzaa mbebaji, na robo kuzaa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Mahali ambapo karibu mtu mmoja katika kila sita ni mbebaji, wawili hao kukutana kanisani, sokoni au chuoni si jambo la nadra.

Hatari inapopanda kichwani

Kwa miaka mingi madaktari waliwatazama watoto wa selimundu wakipata kiharusi bila kujua ni yupi atafuata. Aliyetupa takwimu zilizo wazi alikuwa Mwafrika, Kwaku Ohene-Frempong wa Ghana, aliyefanya kazi Marekani na baadaye akaanzisha Kumasi upimaji wa watoto wachanga. Mwaka 1998 yeye na wenzake walionyesha kwamba, bila kinga, takriban watu 11 katika kila 100 wenye aina kali ya selimundu hupata kiharusi kabla ya miaka 20, na takriban 24 kabla ya miaka 45. Walionyesha jambo jingine linalohitaji kusikilizwa kwa makini. Utotoni, kiharusi kwa kawaida ni cha mshipa kuziba. Kati ya miaka 20 na 29, kinachozidi ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ubongoni.

Inakuwaje damu iliyopinda ivunje mshipa? Chembe zenye umbo la mundu ni ngumu na zinanata. Zinapopita katika mishipa mikubwa inayoingia ubongoni hukwaruza utando laini wa ndani. Mwili hujaribu kutibu jeraha hilo kwa kuongeza tishu, na njia inakuwa nyembamba. Wakati huohuo mgonjwa ana upungufu wa damu, hivyo moyo husukuma kwa kasi zaidi ili ubongo upate oksijeni ya kutosha. Mwendo mkali, njia nyembamba na ukuta uliojeruhiwa hukutana palepale mishipa inapogawanyika panda. Mahali fulani mshipa unaziba. Mahali pengine ukuta unalegea na kutokeza nje, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyochomoza pale tairi lilipochakaa. Uvimbe huo wa mshipa ndio madaktari huuita aneurisimu. Unaweza kukaa kimya miaka mingi. Ukipasuka, maumivu ya kichwa huja ghafla, makali kuliko yote ambayo mtu amewahi kuyapata, na wengi hufariki hata kabla ya kufikishwa hospitali.

Katika watu wazima kwa jumla, takriban 3 katika kila 100 wana aneurisimu ambayo haijapasuka. Kwa wagonjwa wa selimundu hutokea wakiwa vijana zaidi, mara nyingi huwa zaidi ya moja kwa mtu mmoja, na huonekana zaidi ya kawaida katika mishipa ya nyuma ya ubongo. Ndiyo maana nasema jeni iliyopimwa na Allison ni miongoni mwa hatari za kurithiwa za mishipa ya ubongo, na kwa watu wa ziwani ndiyo iliyo karibu zaidi nao.

Si hatari pekee ya urithi. Kuna ugonjwa wa figo zenye malengelenge mengi, unaotokana hasa na jeni PKD1 iliyotambuliwa mwaka 1994 na PKD2 iliyotambuliwa mwaka 1996, na takriban mgonjwa 1 katika kila 10 ana aneurisimu. Kuna magonjwa adimu ya tishu zinazoshikilia kuta za mishipa. Na kuna familia ambazo ndugu wawili au zaidi wa damu moja wamepatwa bila ugonjwa mwingine wowote kuonekana. Mwaka 2020 kundi kubwa la kimataifa lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 10,754 na kubaini sehemu 17 za jenomu zinazohusiana na aneurisimu. Uchunguzi huo ulisisitiza pia kwamba shinikizo la damu na uvutaji wa sigara ni visababishi vyenyewe. Lakini damu iliyochunguzwa ilikuwa ya watu wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Afrika haikuwamo.

Kutokuwamo huko kuna historia yake. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba aneurisimu ni adimu kwa Waafrika. Ukweli ni kwamba palipokosa mashine za kupiga picha mishipa ya ubongo, waliokufa walizikwa bila sababu kujulikana. Mwaka 2009 Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa aneurisimu za Wakenya, na ukawa ushahidi kwamba ugonjwa upo hapa nchini. Asiyetafutwa haonekani, na asiyeonekana hapangiwi bajeti.

Njia ya kuzuia

Mji uleule wa Augusta ambako Sydenstricker alifanya kazi ndiko ilikotoka kinga ya kwanza ya uhakika. Daktari Robert Adams alitumia mashine ya mawimbi ya sauti iitwayo Dopla, ambayo hupima kasi ya damu ndani ya mishipa ya ubongo kwa kugusisha kifaa kwenye panja la mtoto. Haina sindano, haina maumivu. Aligundua kwamba mtoto ambaye damu yake inakwenda kwa sentimita 200 au zaidi kwa sekunde ana hatari kubwa ya kiharusi. Kisha wakachaguliwa watoto 130 wa namna hiyo katika vituo 14 vya Amerika Kaskazini, nusu wakaongezewa damu kila mara, nusu wakapata matunzo ya kawaida. Viharusi vilikuwa 11 upande wa waliopata matunzo ya kawaida na 1 tu upande wa walioongezewa damu. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine. Matokeo yalitoka mwaka 1998.

Njia hiyo ni ngumu kwa Homa Bay na Migori. Damu salama hugombewa na kina mama wanaojifungua, waliopata ajali na watoto wa malaria. Habari njema zaidi ilitoka kwenye kidonge. Haidroksiurea, dawa iliyotumika kwanza kutibu saratani, huufanya mwili utengeneze himoglobini ya kitoto, ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo na ambayo haipindi chembe. Mwaka 2016 utafiti wa Amerika ya Kaskazini ulionyesha kwamba watoto wengi wenye kasi ya juu waliokwisha kuongezewa damu kwa muda wanaweza kuhamia kwenye dawa hii bila kupoteza kinga.

Swali lililobaki lilikuwa la hapa kwetu: je, dawa hii ni salama mahali penye malaria? Jibu lilipatikana Afrika kwenyewe. Utafiti ulioitwa REACH uliwatibu watoto 606 huko Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, ambako kituo chake kilikuwa Kilifi. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Marekani mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Baada ya hapo hoja ya kwamba dawa hii si ya Afrika haikuwa na mguu wa kusimamia. Wizara ya Afya ya Kenya ikatoa mwongozo wa kitaifa wa selimundu mwaka 2020.

Malaria nayo ilikuwa ikishambuliwa kwa silaha mpya. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua huko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za mwanzo. Uzinduzi huo una uzito wa pekee katika historia hii. Kwa karne nyingi ngao kubwa ya watoto wa ziwani ilikuwa jeni inayowadai ndugu zao uhai. Sasa wanaanza kupata ngao isiyomgharimu mtu. Hata hivyo, jeni haiondoki kwa kuwa kazi yake imepungua. Itaendelea kurithiwa kwa vizazi vingi, na ugonjwa utaendelea kuwako.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa mwenyewe. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Familia ya mvuvi wa Mbita au mkulima wa miwa wa Awendo haiwezi hata kuiota. Inavyoweza kuvipata ni chanjo, chandarua, penisilini ya utotoni, asidi ya foliki na haidroksiurea, na dawa hizo tatu za mwisho hufaa zaidi mtoto akijulikana mapema.

Hukumu ya historia hii

Mimi naiona historia hii kuwa na hukumu moja. Sayansi imewajua watu wa ziwani tangu 1949, na imewafaidi kwa kuchelewa mno. Kati ya kuchapishwa kwa jaribio la wanaume 30 na mwongozo wa kitaifa ilipita miaka 66. Mgonjwa aliyezaliwa Migori mwaka 1954, kama aliishi, alikuwa mzee kabla serikali yake haijaandika jinsi ya kumtunza.

Na sasa kuna sura mpya ambayo tusipoitazama itatukuta tumelala. Kadiri dawa inavyowaokoa watoto, ndivyo wanavyofikia umri wa miaka ishirini na zaidi, umri ambao mishipa dhaifu hupasuka. Upasuaji wa mishipa ya ubongo hufanyika katika miji mikubwa kama Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Homa Bay. Kliniki ya watoto peke yake haitoshi tena. Tunahitaji kliniki za vijana na watu wazima wenye selimundu, mashine za Dopla katika hospitali za kaunti, na mafundi waliofunzwa kuzitumia. Tunahitaji pia watafiti wa Kenya watakaochunguza jeni za aneurisimu katika damu ya Waafrika, kwa ridhaa yao na kwa faida yao.

Kwa msomaji wa Homa Bay, wa Migori na wa popote ziwani, yapo mambo ya kufanya ambayo hayangoji serikali. Pimeni damu kabla ya ndoa, si ili mkatazane, bali ili mwingie mkijua. Mtoto akizaliwa, ulizeni kipimo cha selimundu. Mtoto mgonjwa akilegea upande mmoja, akipoteza maneno au akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kijana mwenye selimundu akipatwa na maumivu ya kichwa ya ghafla na makali yasiyo na mfano, msimnunulie dawa dukani mkangoja kesho. Familia ambayo watu wawili wa damu moja wamekufa kwa mshipa kupasuka kichwani imwambie daktari habari hiyo bila kuficha. Acheni sigara, pimeni shinikizo la damu. Na mama yeyote asilaumiwe tena kwa jeni ambayo nakala yake moja imetoka kwa baba.

Wawakilishi wadi wa kaunti hizi mbili wanapitisha bajeti kila mwaka. Kipimo cha mtoto mchanga kisipokuwamo ndani yake, waulizwe kwa nini, na waulizwe na wapiga kura wenyewe.